Fremu ya mbao ngumu kwa spika bapa: mwongozo kamili

Spika bapa ya sumaku haina kasha. Ina utando mwembamba wa plastiki uliobandikwa waya au ukanda wa alumini, ukiwa umetandazwa mbele ya safu za sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye waya, utando mzima husogea mbele na nyuma, na sauti hutoka pande zote mbili. Kinachozuia kila kitu kingine kisisogee ni fremu. Kiwandani, fremu hiyo mara nyingi hutengenezwa kwa ubao wa MDF (nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), kwa sababu MDF ni bei nafuu, imenyooka na hukatika kirahisi mashineni. Lakini ukibandika kiganja juu ya fremu ya namna hiyo muziki wenye besi nzito ukilia, utaihisi ikitetema mkononi. Tunajenga fremu nyingine ili mtetemo huo upungue kabisa.

Kuna koo mbili za spika bapa, na ni lazima ujue yako ni ipi kabla hujashika bisibisi. Ukoo wa kwanza ni wa umeme tuli, uliopata jina kwa spika ya Quad ambayo Peter Walker aliiingiza sokoni mwaka 1957. Wa pili ni wa sumaku bapa, kama zile za Magnepan, kampuni iliyoanzishwa na Jim Winey huko Minnesota, Marekani, mwaka 1969. Mwongozo huu ni wa ukoo wa pili. Spika za umeme tuli hubeba volti elfu kadhaa: kwenye ile Quad ya 1957, paneli za besi hupata takriban volti 6,000, na chaji inaweza kubaki ndani hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kama spika yako huchomekwa kwenye umeme wa nyumba, usiifungue kwa kufuata maelezo haya.

Kina ndicho kinacholeta nguvu

Watu wengi huanza kwa kuuliza ni mti gani "unalia vizuri". Katika gitaa swali hilo lina maana. Katika fremu ya spika bapa halina, kwa kuwa hatutaki fremu ilie hata kidogo. Tunachotaka ni ukakamavu, na ukakamavu una vyanzo viwili.

Cha kwanza ni mbao yenyewe. MDF ina uzito wa takriban kilo 750 kwa mita ya ujazo, na ukakamavu wa kama gigapaskali 3 hadi 4. Mwaloni mweupe una uzito unaokaribiana na huo, lakini kwa urefu wa nyuzi ukakamavu wake ni takriban gigapaskali 12. Kwa uzito uleule, basi, unapata ukakamavu mara tatu au zaidi.

Cha pili ni kina cha fremu, yaani unene wake kutoka mbele kwenda nyuma, na hapa ndipo watu hupoteza nafasi. Ukakamavu wa mbao inayopindwa hukua kwa mchemraba wa kina chake. Fremu ya milimita 45 ikilinganishwa na ya milimita 22 ina kina mara mbili na kidogo, lakini hukataa kupinda zaidi ya mara nane. Zidisha hiyo nane na ile tatu ya mbao, unafika kwenye mara 25 hivi. Kuongeza upana wa uso wa mbele hakuleti faida ya namna hiyo, maana upana huongeza ukakamavu kwa kiasi chake tu, bila mchemraba. Ukiwa na mbao chache, zitumie kuongeza kina.

Jambo moja usilitarajie ni besi mpya kutokana na fremu pana. Sauti ya nyuma ya spika hii imegeuka kinyume cha ile ya mbele, na pale wimbi linapokuwa refu kuliko njia ya kuzunguka fremu, sauti hizo mbili hufutana. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Kuongeza sentimita 5 kila upande mbele ya wimbi la namna hiyo ni kazi bure. Utakachosikia fremu ikiwa imara ni besi inayoanza na kukoma kwa wakati wake, na sauti za katikati ambazo hazijapakwa ukungu.

Ichunguze paneli kwanza

Usikate ubao wowote mpaka paneli iwe imetoka kwenye fremu ya zamani na umeipima. Vipimo vya kwenye karatasi za kampuni mara nyingi ni vya spika nzima, na paneli zenyewe hutofautiana kwa milimita moja au mbili.

Ondoa kitambaa, kisha piga picha za nyuma kutoka kila upande. Weka alama kwa tepu kwenye kila waya kabla ya kuufungua: upi ni chanya, upi ni hasi, upi ni wa besi na upi ni wa sauti kali. Kama spika yako ina utepe halisi wa alumini kwa ajili ya sauti kali, utoe kwanza na uuhifadhi umefunikwa. Utepe huo ni mwembamba kiasi kwamba kuupulizia kwa mdomo kunatosha kuuharibu.

Paneli yenyewe ni bati la chuma lenye matundu, lililogandishwa safu za sumaku, na utando umevutwa juu yake. Ni nzito na inapinda ukiishika vibaya. Iinueni watu wawili, mkishika kingo ndefu, na muilaze juu ya ubao bapa uliotandikwa blanketi safi. Bati likipinda, mvuto wa utando hubadilika, na hilo halirekebishiki kwa urahisi.

Na sumaku zake hazina simile. Bisibisi ya chuma ikipita karibu huvutwa ghafla, na ncha yake inaweza kutoboa utando kabla hujakaza mkono. Chembe za chuma kutoka kwenye keekee au tupa huruka, hunasa kwenye sumaku na hukaa hapo zikikwaruza kila utando unaposogea. Kwa hiyo paneli ikishatoka, ifunike kwa plastiki, ibandike tepu pande zote, na uipeleke chumba kingine. Isirudi karakana mpaka siku ya mwisho.

Kabla ya kuifunika, pima mambo manne: upana, urefu, unene, na upana wa ukingo mfu. Ukingo mfu ni ile sehemu ya pembeni ambapo utando umegandishwa na hausogei. Fremu yako inaruhusiwa kuugusa ukingo huo tu. Ukingo ukiwa na milimita 15, mdomo wa fremu, yaani ukingo wake wa ndani kwa mbele, uufunike kwa milimita 10 hadi 12, si zaidi.

Mbao ya kutumia

Mbao yoyote ngumu, yenye nyuzi zilizonyooka na iliyokauka sawasawa, itafaa. Mninga ninaupenda sana kwa kazi hii kwa sababu husinyaa na kutanuka kidogo sana kuliko mbao nyingi, na hurandika vizuri. Mtiki nao ni mtulivu, ila silika iliyomo ndani yake hula makali ya msumeno upesi, na mafuta yake husumbua gundi. Mvule ni imara na mzuri kwa macho. Angalia tu kwamba wakati mwingine huwa na mawe magumu ya chokaa ndani yanayoweza kung'oa meno ya randa, na vumbi lake huwasha ngozi na pua, kwa hiyo vaa barakoa ya maana. Mkangazi, mwaloni, mepo na walnati zote ni chaguo nzuri. Mpingo uache: kwa uzito wake wa kilo zaidi ya 1,200 kwa mita ya ujazo ni nadra kupata vipande virefu vilivyonyooka, na hakuna faida ya sauti utakayoipata hapa.

Muhimu kuliko jina la mti ni jinsi ubao ulivyopasuliwa. Tazama kichwa cha ubao. Pete za ukuaji zikiwa zimesimama wima dhidi ya uso mpana, ubao huo utasogea kwa nusu hivi ya ule ambao pete zake zimelala. Kwa mwaloni mweupe wenye upana wa milimita 90, unyevu ukibadilika kwa asilimia 4, ubao wa pete zilizolala hubadilika upana kwa milimita 1.3, na wa pete zilizosimama kwa takriban milimita 0.65. Kwa urefu wa nyuzi mabadiliko ni madogo mno. Nguzo ndefu za fremu zistahili mbao zako bora; vipande vifupi vya juu na chini vipewe zinazobaki.

Pima unyevu kwa kipimaunyevu. Asilimia 8 hadi 12 inafaa kwa nyumba nyingi, lakini kinachopaswa kulingana ni unyevu wa mbao na wa chumba ambamo spika zitakaa. Panga mbao humo ndani zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na uziache wiki mbili au tatu. Usomaji usipobadilika tena, zimezoea.

Mchoro na vipimo

Njia ya kawaida ni kuunga kona kwa ulimi na tundu, kisha kuchimba ngazi nyuma ya fremu ili paneli ikae. Inafanya kazi. Tatizo ni kwamba ngazi ya kutosheleza paneli nene ni ya kina kirefu, na ruta ndogo (mashine ya kuchimba mbao kwa kisu kinachozunguka) huisumbukia. Mimi hupendelea fremu ya tabaka mbili. Tabaka la mbele lina uwazi mdogo, la nyuma lina uwazi mkubwa zaidi, na zikigandishwa pamoja ngazi inajitokeza yenyewe. Tena viungo vya kona vinapishana: mbele nguzo ndizo zinazofika mwisho, nyuma mbao za kulala ndizo zinazofika mwisho. Kila kona inapata eneo kubwa la gundi bila kuchimba tundu hata moja. Na ubao wa tabaka mbili hupinda kwa shida kuliko ubao mmoja wa unene huohuo, hasa ukizigeuza ili mwelekeo wa kupinda wa tabaka moja upingwe na la pili.

Tuchukue paneli ya mfano: upana milimita 400, urefu 1,200, unene 22, ukingo mfu 15. Tunaipa nafasi ya milimita 2 kila upande, kwa hiyo uwazi wa nyuma ni 404 kwa 1,204. Mdomo wa mbele unaingia ndani milimita 12 kila upande, kwa hiyo uwazi wa mbele ni 380 kwa 1,180. Ukipiga hesabu, mdomo unaifunika paneli kwa milimita 10, ambazo ziko ndani ya ukingo mfu. Fremu moja inahitaji vipande hivi, vyote kwa milimita:

Tabaka la mbele, unene 20:
nguzo mbili za 1,380 × 90
mbao ya kulala ya juu, 380 × 90
mbao ya kulala ya chini, 380 × 110

Tabaka la nyuma, unene 25:
nguzo mbili za 1,204 × 78
mbao ya kulala ya juu, 560 × 78
mbao ya kulala ya chini, 560 × 98

Fremu iliyokamilika ina upana wa 560, urefu wa 1,380 na kina cha 45. Kwa mbao ya kilo 700 kwa mita ya ujazo, uzito wake ni kama kilo 9.5 bila paneli wala mguu. Paneli yako ikiwa na vipimo tofauti, badilisha namba lakini fuata mantiki ileile. Kipande cha chini usikifanye kipana kupita 110 hivi, kwa sababu kwenye kona nyuzi za mbao mbili zinapishana, na kadiri eneo la kupishana linavyokuwa pana ndivyo msimu wa kiangazi na wa mvua unavyovuta gundi huku na huku.

Kumbuka pia kwamba spika ni jozi. Kama sauti kali iko upande mmoja wa paneli, fremu ya kushoto na ya kulia zitakuwa za kutazamana. Andika "kushoto" na "kulia" kwa chaki kwenye kila kipande tangu siku ya kwanza. Na kama una ubao mmoja mpana wenye mistari mizuri, pasua nguzo mbili za mbele za ndani kutoka humo, zikae zikitazamana katika jozi.

Kupasua na kuranda

Pasua vipande vikiwa na ziada ya milimita 3 kila upande wa unene na upana, kisha uviache siku kadhaa. Ubao ukipasuliwa, mvutano uliokuwa umefungiwa ndani hulegea, na vipande vingine hupinda mbele ya macho yako. Ni afadhali vipinde sasa. Kilichopinda vibaya kifanye kipande kifupi au papi, zile fito za kubana paneli kwa nyuma.

Halafu randa uso mmoja mpaka unyooke, randa ukingo mmoja uwe mraba kwa uso huo, ndipo upeleke kwenye unene na upana kamili. Vipande vyote vya tabaka moja vipitishwe mashineni kwa mpangilio uleule bila kugusa kipimo, la sivyo utakuwa na ngazi ndogondogo kwenye kona. Kagua kila nguzo kwa kuilaza juu ya meza bapa na kubonyeza kona zake kwa zamu. Ikicheza hata kidogo, imepota, na usijidanganye kwamba klampu zitainyoosha. Zitainyoosha kwa siku moja, kisha itairudisha fremu yote kwenye upotovu wake.

Kukata vichwa vya mbao za kulala kunahitaji uangalifu wa pekee. Vipande vya 380 vya juu na chini lazima viwe na urefu sawa kabisa, na vichwa viwe mraba. Vikate vyote kwa kizuizi kimoja kilichofungwa kwenye msumeno, usipime kimoja kimoja kwa futi kamba. Hakikisha kwa guni, ukitazama mwanga unaopita kati ya chuma na mbao.

Kuganda

Fanya mazoezi bila gundi kwanza, na klampu zote zikiwa mahali pake. Gundi nyeupe ya mbao hukupa kama dakika 10 kabla haijaanza kushika, na fremu hii ina eneo kubwa la kupaka. Kama uko peke yako, tumia epoksi inayokauka polepole. Kwa mtiki na mbao nyingine zenye mafuta, futa nyuso za kuganda kwa asetoni dakika chache kabla ya kupaka, ili gundi ishike mbao yenyewe.

Tandaza plastiki juu ya meza bapa. Panga tabaka la mbele uso chini, paka gundi kwenye vichwa vya mbao za kulala, na ulibane kidogo kwa klampu ndefu. Pima kona kwa kona. Kwa fremu yetu namba ni 1,489, na njia zote mbili zilingane ndani ya milimita moja. Zikipishana, isogeze klampu kidogo upande wa ulalo mrefu hadi zilingane. Kisha paka gundi uso wote wa juu, laza tabaka la nyuma, na linganisha kingo za nje.

Tabaka mbili zenye gundi mbichi huteleza zikibanwa, kila mtu aliyefanya kazi hii anajua. Dawa yake ni vijiti vya mbao vya milimita 6: wakati wa mazoezi, toboa matundu mawili kwenye kila kona yapitayo tabaka la nyuma na kuingia milimita 10 kwenye la mbele. Siku ya gundi, vijiti hivyo vinafunga kila kitu mahali pake.

Weka klampu kila sentimita 20, ambayo kwa mzingo wa fremu hii ni kama 20. Huna klampu nyingi? Tumia skrubu za milimita 35 kutoka nyuma, ambako hazitaonekana. Gundi iliyochuruzika kwenye ngazi ya ndani iondoe kwa kijiti ikiwa bado laini, maana ikikauka pale paneli haitakaa sawa. Kisha tazama kwa mbali: weka rula mbili ndefu juu ya fremu, moja juu na moja chini, uchuchumae na uangalie kama zimelingana. Kama fremu imepota, huu ndio wakati wa kuweka kabari chini ya kona, gundi ingali mbichi. Iache saa 24.

Mdomo wa mbele

Mdomo wa fremu una unene wa milimita 20, na paneli iko nyuma yake. Sauti ya hezi 8,000 ina wimbi la sentimita 4.3 tu, kwa hiyo ukuta mdogo wa milimita 20 pembeni ya utando ni karibu nusu ya wimbi hilo, na utairudisha sauti. Kata ukingo wa ndani kwa mshazari wa digrii 45 ukitumia ruta, kina cha milimita 12, ubakize milimita 8 zilizonyooka karibu na paneli. Kata kwa hatua tatu au nne, ukielekeza ruta kinyume na mzunguko wa kisu, na kwenye kona ambako nyuzi zinabadilika mwelekeo punguza mwendo. Kona za ndani zitabaki na duara. Ukitaka ziwe kali, maliza kwa patasi.

Kingo za nje zizungushe kidogo, za mbele na za nyuma. Sehemu hii ndogo ya kazi husikika zaidi kuliko aina ya mbao uliyochagua.

Mguu na mhimili wa nyuma

Fremu ngumu juu ya mguu legevu itayumba yote kwa pamoja. Utando unapousukuma upepo mbele, paneli husukumwa nyuma, na kadiri unavyopanda juu ndivyo msukumo huo unavyopata nguvu ya kuyumbisha. Kwa hiyo tengeneza pembetatu.

Chini ya kila nguzo weka boriti ya mbao ileile, 70 kwa 45, urefu 450, ikitokeza milimita 300 nyuma ya fremu. Ifunge kwa bolti mbili za M8 za chuma kisichoshika kutu. Kutoka mwisho wa nyuma wa boriti panda na mhimili wa mshazari hadi kimo cha milimita 900 kwenye nguzo. Kwa vipimo hivi mhimili una urefu wa karibu 950 kutoka tundu hadi tundu. Upana wa 40 na unene wa 30 unatosha, maana kazi yake ni kusukumwa na kuvutwa kwa urefu, na mbao haishindwi kirahisi hivyo. Kwenye boriti toboa tundu refu badala ya duara, ili uweze kurekebisha mwinamo. Fremu ikiegemea nyuma kwa digrii 3, sehemu ya juu inarudi milimita 72.

Mashimo yote ya bolti, ya papi na ya waya yatobolewe sasa. Paneli ikisharudi, keekee isiwashwe tena karibu nayo.

Msasa na rangi

Anza na msasa namba 120, fuata 180, malizia 240, kwa mwelekeo wa nyuzi. Mafuta, shelaki au vanishi, chagua unachokipenda macho; kwa sauti hakuna tofauti. Sharti ni moja: pande zote zipakwe sawa, mbele na nyuma, pamoja na ndani ya ngazi. Fremu iliyopakwa mbele tu hunyonya unyevu kwa nyuma na kupinda, hata kama uliiranda vizuri namna gani. Ukitumia mafuta ya kitani, matambara yake yatandaze nje yakauke au yazamishe kwenye maji, kwa kuwa yakikunjwa na kurundikwa huweza kuwaka yenyewe.

Subiri hadi harufu iishe kabisa kabla ya kuleta paneli. Mvuke wa vimumunyisho si rafiki wa gundi iliyoshika waya kwenye utando.

Kurudisha paneli

Safisha chumba, meza na nguo zako. Pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya meza na sakafu, uone ni chembe ngapi za chuma zitaokotwa. Futa ngazi ya fremu kwa kitambaa chenye unyevu.

Bandika utepe wa koki wa milimita 1, ile nyenzo ya vizibo vya chupa, kuzunguka ngazi yote. Huziba hewa na kuzuia mlio wa mbao dhidi ya chuma. Usiweke sponji. Wapo wanaosema sponji hutenganisha mtetemo, lakini paneli iliyokaa juu ya sponji inakuwa huru kusogea, na tumefanya kazi yote hii ili isisogee.

Chini kabisa weka vipande viwili vya koki vya milimita 2 vya kubeba uzito, kisha mteremsheni paneli watu wawili. Ikae bila kulazimishwa. Ikigoma, itoe nje uipeleke mbali, ndipo uchonge mbao. Nyuma yake zungusha papi za mbao ngumu, 40 kwa 12, zenye utepe wa koki wa milimita 3 kwenye sehemu inayoigusa paneli. Paneli ya milimita 22 na koki ya 1 zinachukua 23 kati ya 25 za ngazi, kwa hiyo ile koki ya 3 itabanwa hadi 2, mbano wa kutosha. Papi zilalie ukingo mfu tu.

Skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu cha aina isiyovutwa na sumaku. Kwa mwaloni hili ni la lazima kwa sababu nyingine pia: tanini yake ikikutana na chuma cha kawaida huacha madoa meusi. Shaba ni laini na hukatika kichwa ndani ya mbao ngumu, hivyo wakati ule wa kutoboa, kabla ya rangi, pitisha kwanza skrubu ya chuma ya ukubwa uleule kwenye kila tundu ili ikate njia, uitoe, kisha leo uingize ya shaba iliyopakwa nta. Zifunge kila sentimita 12 hadi 15, ukianzia katikati ya nguzo na kwenda pande zote mbili, kwa mkono na kwa bisibisi isiyo ya sumaku. Zamu ya kwanza zote ziguse tu. Ya pili ndiyo ukaze.

Unganisha waya kwa kufuata picha na alama zako. Krosova, yaani saketi inayogawa besi na sauti kali, ni vizuri ikae nje ya fremu, kwenye sanduku lake, mbali na sumaku za paneli.

Kupima kazi yako

Cheza sauti moja inayopanda polepole kutoka hezi 20 hadi 1,000, kwa sauti ya wastani. Programu nyingi za simu zinaweza kuitoa. Sikiliza mlio wa kukwaruza au kutetema. Ukiusikia, simamisha sauti kwenye masafa hayo na uguse sehemu moja moja kwa kidole: papi, waya, kitambaa, mhimili. Ukigusa mahali mlio ukakatika, umemkamata. Mara nyingi huwa ni waya unaogonga bati au papi isiyokazwa. Mlio ukitoka kwenye utando wenyewe, chomoa waya za spika na utazame kwa tochi kama kuna chembe kwenye sumaku. Chembe ya chuma huondolewa kwa ncha ya tepu yenye gundi, taratibu.

Kisha weka kiganja juu ya fremu wakati besi inalia, pale pale ulipoigusa ile ya zamani. Utahisi hewa ikisogea kwenye vidole vyako, na mbao ikiwa kimya.

Iweke spika angalau mita moja kutoka ukuta wa nyuma, kwa kuwa sauti ya nyuma inahitaji nafasi. Jaribu mwinamo wa digrii 0 hadi 4 kwa kusogeza bolti kwenye tundu refu, ukisikiliza rekodi ya sauti ya mtu anayeimba peke yake. Baada ya wiki nne hivi pitia skrubu na bolti zote, maana koki hutulia na mbao hukaa, na nyingi zitakubali robo ya mzunguko. Rudia tena msimu wa mvua ukigeuka kuwa kiangazi.